Kusoma Kitabu Kizito Wakati wa Likizo

Shamba jema halianzi kutengenezwa siku ya mvua ya kwanza. Mkulima mwenye akili hufyeka, huchoma magugu, na kuvunja madongoa wakati jua lingali kali, ili mvua ikija iikute ardhi imekwisha kuwa tayari. Ndivyo ilivyo kwa masomo. Mwanafunzi anayengoja kengele ya shule ndipo aanze kufikiri, huwa kama mkulima anayetafuta jembe lake huku majirani wakipanda mbegu.

Katika somo hili tutaona jinsi wanafunzi wa nchi ya Marekani wanavyotayarishwa kwa darasa gumu la fasihi, yaani elimu ya hadithi, michezo ya kuigiza na mashairi. Kisha tutatazama kitabu kimoja ambacho wengi wao hupewa kukisoma wakati wa likizo, nacho kitatufundisha namna ya kusoma kitabu chochote kizito. Soma polepole, kwa maana somo lenyewe ni juu ya kusoma.

1. Darasa lenyewe

Katika sehemu nyingi za Marekani, shule ya sekondari huchukua miaka minne. Mwaka wa shule huanza mwezi wa Agosti au Septemba, nao huisha Mei au Juni. Baada ya hapo huja likizo ndefu ya majira ya joto, ambayo kwa kawaida ni kama majuma kumi. Katika miaka ya mwisho ya shule, mwanafunzi apendaye huweza kuingia darasa la juu la fasihi ya Kiingereza, ambalo kazi yake hulinganishwa na kazi ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Mpango wa madarasa hayo huitwa Advanced Placement, nao husimamiwa na chama kiitwacho College Board. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1900, na mpango huu kimekuwa nao mikononi tangu mwaka 1955.

Mtihani wa darasa hili hufanywa mwezi wa Mei, nao huchukua saa tatu. Sehemu ya kwanza ni maswali ya kuchagua jibu lililo sawa. Sehemu ya pili ni insha tatu. Kwa insha ya kwanza mwanafunzi huwekewa shairi mbele yake, na kwa ya pili huwekewa kipande cha hadithi, aeleze jinsi mtungaji alivyoifanya kazi yake. Lakini insha ya tatu ina ugumu wa namna nyingine. Hapo mwanafunzi hupewa swali tu, na kitabu cha kulijibia hukichagua mwenyewe katika vile alivyovisoma. Wala hawezi kukifungua kitabu hicho, kwa kuwa hana ruhusa ya kuwa nacho. Yampasa awe nacho kichwani.

Sasa, ni nani awezaye kuwa na kitabu kizima kichwani? Si yule aliyekipitia mbio mbio usiku mmoja. Ni yule aliyekaa nacho siku nyingi, akakifikiri njiani na jikoni na kitandani, hata watu wa kitabuni wakawa kama jirani zake. Kwa sababu hiyo walimu wengi huwapa wanafunzi wao kitabu kimoja, au viwili, au vitatu, kabla shule haijafungwa. Hakuna orodha moja iliyoamriwa kwa nchi nzima. Kila mwalimu huchagua. Wengine huchagua Pride and Prejudice cha Jane Austen, kilichotolewa mwaka 1813. Wengine Their Eyes Were Watching God cha Zora Neale Hurston, cha mwaka 1937. Wengine Things Fall Apart cha Chinua Achebe wa Nijeria, cha mwaka 1958. Na wengi huchagua Frankenstein cha Mary Shelley, cha mwaka 1818. Hicho cha mwisho ndicho tutakachokitazama.

2. Mfano wa vijana wawili

Natuwaze vijana wawili wa darasa moja. Siku ya kufunga shule kila mmoja alipewa kitabu cha Frankenstein, akaambiwa, "Mtakaporudi tutaandika insha."

Kijana wa kwanza alipofika nyumbani alikihesabu kitabu. Aliona kina barua nne na sura ishirini na nne, jumla vipande 28. Akasema moyoni, "Nikisoma kipande kimoja kila siku, nitamaliza kwa majuma manne, na majuma sita yatanibakia ya kucheza na ya kurudia palipo pagumu." Akafanya hivyo. Siku nyingine hakupenda kusoma, lakini kipande kimoja hakimshindi mtu. Haba na haba hujaza kibaba.

Kijana wa pili alisema, "Majuma kumi ni mengi, nitasoma baadaye." Akakiweka kitabu juu ya kabati. Baadaye ikawa baadaye tena, hata likabaki juma moja tu. Akahesabu, akaona yampasa asome vipande vinne kila siku. Siku ya kwanza akasoma viwili, akachoka. Ndipo akatafuta muhtasari, yaani maelezo mafupi ya hadithi yaliyoandikwa na mtu mwingine, akayasoma kwa saa moja, akafurahi na kusema, "Nimemaliza!"

Shule ilipofunguliwa, wote wawili waliweza kutaja watu wa hadithi na mambo yaliyowapata. Kwa kuwatazama tu, usingejua nani amesoma na nani hakusoma. Kisha mwalimu akaandika ubaoni swali hili: "Ni nani katika hadithi hii aliyempokea kiumbe kwa wema, na kwa nini aliweza?" Kijana wa kwanza akainama akaanza kuandika. Kijana wa pili akaitazama karatasi yake nyeupe, kwa maana muhtasari ulikuwa umemwambia lililotendeka, wala haukumwambia kwa nini.

Basi na tuisikie hadithi yenyewe, tuone kama sisi tutaweza kulijibu swali hilo.

3. Hadithi ya Frankenstein

Mwaka 1815, mwezi wa Aprili, mlima wa moto uitwao Tambora, katika nchi ambayo leo ni Indonesia, ulilipuka kwa nguvu nyingi sana. Majivu na moshi wake ulipanda juu ukaenea angani mbali, ukapunguza joto la jua. Kwa hiyo mwaka 1816 majira ya joto hayakuonekana katika sehemu nyingi za Ulaya. Kulikuwa na baridi na mvua, na mazao yakaharibika. Wakati huo kikundi cha Waingereza kilikuwa kinakaa karibu na ziwa la Geneva, nchi ya Uswisi. Kwa sababu ya mvua walijifungia ndani, na mmoja wao, mshairi Byron, akatoa shauri kwamba kila mtu atunge hadithi ya kutisha. Katika kikundi hicho alikuwamo msichana wa miaka 18, jina lake Mary. Yeye ndiye aliyetunga Frankenstein. Kitabu kilipotolewa mwaka 1818, jina lake halikuandikwa juu yake.

Kitabu hiki kina hadithi tatu, moja ndani ya nyingine, kama maganda ya kitunguu. Ganda la nje ni barua za nahodha mmoja, Walton, anayesafiri kwenda Ncha ya Kaskazini, akimwandikia dada yake aliyeko Uingereza. Meli yake yazuiwa na barafu, na huko barafuni aokota mtu aliyekaribia kufa. Mtu huyo ni Victor Frankenstein, naye aanza kumweleza nahodha maisha yake. Hilo ni ganda la pili. Na ndani yake, katikati kabisa ya kitabu, kiumbe aliyeumbwa na Victor aeleza habari zake mwenyewe.

Victor alikuwa kijana wa Geneva aliyekwenda kusoma Ingolstadt, katika nchi ya Wajerumani. Alitamani kujua siri ya uhai. Akafanya kazi usiku na mchana, asiwaandikie hata watu wa nyumbani kwake, hata akafaulu kukitia uhai kiwiliwili alichokiunga kwa viungo vya wafu. Lakini kiumbe alipofumbua macho, Victor aliuona ubaya wa sura yake, akaogopa, akakimbia. Hakumpa chakula wala nguo. Hakumpa hata jina.

Simama hapa kidogo. Watu wengi wasiokisoma kitabu hiki hudhani kwamba Frankenstein ni jina la yule kiumbe. Sivyo, ni jina la mtu aliyemfanya. Kiumbe hana jina tangu mwanzo wa kitabu hata mwisho. Aliyesikia habari za mtaani tu hulikosa jambo hili, na jambo hili si dogo: kumnyima mtu jina ni kumwambia kwamba hana kwao.

Kiumbe akatangatanga msituni kwa njaa na baridi, asijue kusema. Mwishowe akajificha katika kibanda kilichoegemea nyumba ya watu maskini: mzee kipofu aitwaye De Lacey, na mwanawe Felix, na binti yake Agatha. Kwa ufa mdogo ukutani akawatazama siku baada ya siku. Alipoona wana shida ya kuni, akawakatia kwa siri usiku. Kisha akaja mgeni, mwanamke aitwaye Safie, asiyejua lugha yao. Felix akawa anamfundisha, na kiumbe akajifunza vile vile, akisikiliza kwa nje. Hata siku moja aliokota mfuko msituni, na ndani yake mna vitabu vitatu, akavisoma. Kimoja kilimfundisha huzuni ya moyo, kimoja kilimfundisha matendo ya watu wakuu wa kale, na cha tatu kilimfanya ajiulize kwa nini yeye ameachwa na aliyemfanya. Tazameni: kiumbe huyu naye ni msomaji, tena msomaji asiye na mwalimu wala darasa.

Siku moja, vijana walipotoka, akajipa moyo akaingia kwa yule mzee. Mzee akamkaribisha, akamsikiliza, akasema naye kwa upole. Lakini vijana wakarudi. Wakaona sura yake. Agatha akazimia, Safie akakimbia, na Felix akampiga kwa fimbo. Kiumbe alikuwa na nguvu za kumrarua Felix, lakini hakumgusa; akatoka.

Tangu siku ile upole wake ukageuka uchungu. Alimwua mdogo wake Victor, mtoto William. Na mtumishi wa nyumbani, Justine, asiye na hatia, akanyongwa kwa kosa hilo. Victor aliijua kweli akanyamaza. Kiumbe akamwomba Victor amfanyie mwenzi mmoja tu, apate kwenda naye mbali na watu. Victor akakubali, akaanza, kisha akaivunja kazi ile mbele ya macho yake. Ndipo kiumbe akamwua Clerval, rafiki wa Victor, na mkewe Elizabeth usiku wa arusi. Victor akamfuatia mpaka barafuni, akafia melini. Na kiumbe, alipomwona amekufa, akamlilia, akamwambia nahodha kwamba atakwenda kujichoma moto, akatoweka gizani.

Sasa turudi kwa swali la mwalimu. Ni nani aliyempokea kiumbe kwa wema? Ni mzee De Lacey. Na kwa nini aliweza? Kwa sababu alikuwa kipofu. Aliyasikia maneno, asiuone uso. Katika kitabu kizima, mtu asiye na macho ndiye aliyeona vema kuliko wote. Mtungaji hakuandika jambo hilo waziwazi. Aliliweka ndani ya hadithi, kama mtu afichavyo yai ndani ya majani, apate kuliona yule atakayefunua kwa mkono wake.

4. Namna ya kusoma

Mambo haya matano yawafaa wote wasomao kitabu kizito, Marekani au mahali pengine.

Kwanza, pima kazi kabla ya kuianza. Hesabu sura, hesabu siku, na ugawanye. Acha siku chache za akiba kwa ajili ya ugonjwa, wageni, au kazi za nyumbani.

Pili, soma ukiwa na kalamu ya risasi mkononi. Ikiwa kitabu ni mali yako, weka alama ndogo pembezoni palipokugusa au palipokushinda. Ikiwa kitabu ni cha kuazima, usikitie alama hata moja. Andika katika daftari, pamoja na nambari ya ukurasa.

Tatu, tumia daftari la safu mbili. Piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika jambo ulilolisoma. Kulia andika wazo lako juu yake. Kwa mfano, kushoto utaandika, "Victor hakumpa kiumbe jina." Kulia utaandika, "Kwa nini? Je, mtu hukipa jina kitu anachokionea haya?" Safu ya kushoto ni ya mtungaji, safu ya kulia ni yako. Walimu wengi huikagua safu ya kulia kwanza, kwa maana ya kushoto yaweza kunakiliwa na yeyote, lakini ya kulia hutoka katika kichwa cha mtu mmoja tu.

Nne, uliza swali la "kwa nini" mara nyingi kuliko swali la "nini". Mwalimu mmoja wa Marekani, Thomas C. Foster, alitoa kitabu mwaka 2003 ambacho wanafunzi wa darasa hili hupewa mara nyingi pamoja na hadithi. Anawafundisha kwamba katika fasihi mambo ya kawaida huchukua mzigo. Mvua inaponyesha katika hadithi, uliza kama ni maji tu. Watu wanapokula pamoja, tazama kama wamepatana au wameshindwa kupatana. Mtu anaposafiri, uliza anatafuta nini, naye anapata nini. Lakini tumia akili: si kila mvua ina siri. Alama hukubalika ikiwa mambo mengine ya kitabu yanaishuhudia.

Tano, ukimaliza kitabu, andika ukurasa mmoja wa kukikumbuka: jina la kitabu na la mtungaji, mwaka, mahali, watu na tabia zao, tendo lililogeuza hadithi, na jambo ambalo kitabu chote kinaliuliza. Ukurasa huo utakuwa ufunguo wako mwezi wa Mei, wakati majira ya joto yamekwisha sahauliwa.

Na je, muhtasari ni haramu? Hapana. Ukikwisha kusoma sura na hukuielewa, muhtasari waweza kukunyosha, kama mtu wa njiani amwongozavyo msafiri aliyepotea. Ubaya ni kumtuma mtu wa njiani asafiri kwa niaba yako.

5. Kuviweka vitabu viwili pamoja

Mtu aliyesoma kitabu kimoja vizuri ana taa moja; aliyesoma viwili ana taa mbili zinazoangaziana. Kitabu cha Chinua Achebe tulichokitaja kimefasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo, na wengine wenu mtakisoma. Okonkwo alikuwa mwana wa Unoka, mtu mpole apendaye filimbi, mvivu na mwenye madeni. Okonkwo aliona haya kwa ajili ya baba yake, akaapa moyoni asionekane dhaifu kamwe. Nyumbani kwake aliletwa kijana Ikemefuna kutoka kijiji kingine, akakaa miaka mitatu, akamwita Okonkwo baba. Wazee walipoamua kwamba kijana auawe, Okonkwo alionywa na mzee mmoja asitie mkono wake. Lakini alikwenda pamoja nao, na kijana alipomkimbilia kwa kumwita baba, yeye mwenyewe akampiga kwa panga, kwa sababu aliogopa kuitwa mwoga.

Sasa weka vitabu hivi viwili mezani. Kimoja ni cha Ulaya cha mwaka 1818, na kingine ni cha Afrika cha mwaka 1958. Nchi ni mbali, desturi ni mbali, watungaji hawakuonana kamwe. Hata hivyo vyote viwili vina mtu aliyeitwa kama baba, akamgeuka yule aliyemtegemea. Victor alikimbia kwa hofu ya alichokiona. Okonkwo alipiga kwa hofu ya kuonekana. Ni yupi mwenye kosa zaidi: anayekimbia, au anayepiga? Swali hili halina jibu moja katika kitabu cha majibu. Insha ya tatu ya ule mtihani hutaka mwanafunzi wa namna hiyo, aliyekwisha kubishana na vitabu vyake kabla hajafika chumba cha mtihani.

6. Kusoma mashairi

Darasa hili husoma mashairi pia, na wengi huyaogopa kuliko hadithi. Sisi hatuna sababu ya kuogopa, kwa kuwa Kiswahili kina hazina kubwa ya ushairi. Mtoto aliyejifunza kuhesabu mizani na kusikiliza vina vya mashairi ya Muyaka wa Mombasa au ya Shaaban Robert wa Tanga amekwisha kupata nusu ya kazi. Shairi la Kiingereza liitwalo soneti lina mistari kumi na minne, na mara nyingi wazo lake hugeuka mahali fulani kabla ya mwisho. Tafuta mahali hapo.

Soma shairi kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza sikiliza mwendo wake tu. Mara ya pili uliza: ni nani anayesema, anamwambia nani, na ni neno gani ambalo ungeliondoa shairi lingeanguka? Mwanafunzi anayesoma shairi moja kila jua linapotua siku za likizo, atafika darasani akiwa na masikio yaliyofunguka.

7. Asiye na kitabu

Si haki kusema kwamba kila mwanafunzi wa Marekani huianza likizo sawa na mwenzake. Wengine wana rafu za vitabu nyumbani. Wengine hawana hata kimoja, na majira ya joto ni wakati wao wa kufanya kazi ya mshahara ili kuwasaidia wazazi. Kwa sababu hii walimu wengine wameiacha desturi ya kuamuru vitabu vya likizo, wakisema kwamba inawapa waliokwisha kuwa nacho na kuwaadhibu wasio nacho. Walimu wengine wameishika, lakini huwaazima wanafunzi vitabu vya shule, au huwaelekeza kwenye maktaba za watu wote ambamo kuazima hakulipiwi. Kila upande una hoja yake, nawe waweza kuzipima.

Lakini iko habari moja ya kweli impasayo kila asiye na kitabu kuijua. Karibu na mwaka 1818, mwaka uleule kilipotolewa Frankenstein, alizaliwa mtumwa mmoja katika jimbo la Maryland, nchi ya Marekani. Jina lake aliloliweka baadaye ni Frederick Douglass. Akiwa mtoto alipelekwa Baltimore, na bibi wa nyumba akaanza kumfundisha herufi. Bwana wa nyumba alipojua, alikataza kwa ukali, akisema kwamba mtumwa akijua kusoma hafai tena kuwa mtumwa. Mtoto akayasikia maneno hayo, akaelewa kwamba kile anachokatazwa ndicho mlango wa kutokea. Akawa anachukua mkate anapotumwa njiani, akiwapa watoto wazungu maskini wenye njaa, nao wakimlipa kwa kumfundisha. Alipokuwa na miaka kama kumi na miwili alipata kitabu cha hotuba kiitwacho The Columbian Orator, akakisoma tena na tena. Mwaka 1838 akatoroka utumwani, na mwaka 1845 akatoa kitabu cha maisha yake, ambacho nacho leo husomwa katika shule za nchi ileile.

Mfikirie mtoto yule wa Baltimore pamoja na kiumbe wa Mary Shelley. Mmoja alijifunza kwa mkate njiani, mwingine kwa ufa wa ukuta. Mmoja ni mtu wa kweli, mwingine ni wa hadithi. Wote wawili walipokwisha kusoma hawakuweza kuwa kama walivyokuwa kwanza. Walijua jinsi walivyodhulumiwa, na wakapata maneno ya kulisema. Kwa hiyo mwalimu akikupa kitabu siku ya kufunga shule, usikitazame kama mzigo wa likizo. Hesabu sura zake, chonga kalamu yako, na uanze jioni ileile.

Maswali

1. Kwa nini insha ya tatu ya mtihani ni ngumu kuliko nyingine?
2. Kitabu chenye vipande 28 kitakwisha kwa siku ngapi, ukisoma vipande viwili kila siku? Ukipumzika siku moja katika kila juma, utamaliza siku ya ngapi?
3. Felix alipompiga, kiumbe hakumrudishia. Jambo hili latuonyesha nini juu ya tabia yake wakati ule?
4. Victor aliijua kweli juu ya kifo cha William akanyamaza. Je, kunyamaza kwake kulikuwa kosa sawa na kuua? Toa sababu zako.
5. Linganisha Victor na Okonkwo katika insha ya mistari kumi na mitano.
6. Chagua hadithi moja uliyosimuliwa nyumbani. Iandike katika daftari la safu mbili: kushoto mambo matano ya hadithi, kulia mawazo yako matano.

Maana ya maneno

Fasihi: elimu ya hadithi, michezo ya kuigiza na mashairi yaliyotungwa kwa ufundi.
Muhtasari: maelezo mafupi ya habari ndefu.
Pembezoni: sehemu nyeupe ya ukurasa isiyopigwa chapa, kando ya maandishi.
Mizani: hesabu ya silabi katika mstari wa shairi.
Vina: silabi zinazolingana sauti mwishoni au katikati ya mistari ya shairi.
Kunakili: kuandika upya maneno kama yalivyo.
Dhulumu: kumtendea mtu isivyo haki.